Mada iwe wazi, siri ibaki ya mtoto

Siku hizi mgeni yeyote anayealikwa kuzungumza na wanafunzi mstarini, akishamaliza mimba za utotoni na bangi, huongeza la tatu: vunjeni ukimya, semeni yanayowasumbua. Wanafunzi hupiga makofi. Wiki inayofuata binti wa kidato cha pili anamfuata mwalimu wa malezi na unasihi, anamweleza kwamba usiku halali na mchana hana hamu ya lolote. Kabla ya kengele ya kutoka, ofisi nzima ya walimu inajua. Jioni mama yake ameshapigiwa simu. Kesho yake muuza vitumbua wa pale Mwanga anamtazama kwa huruma na kumuuliza kama kichwa kimetulia. Mfano ni wa kutunga, lakini aliyesoma sekondari katika mji wa watu wanaojuana kama Kigoma hahitaji kusimuliwa mara mbili. Binti huyo hatasema tena. Na wenzake, waliokuwa wakiangalia mwisho wake utakuwaje, wameshapata somo lao.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaodai kwamba vijana wetu ni wasiri mno. Tunapohimiza uwazi tunachanganya mambo mawili yanayokwenda kinyume: mada kuzungumzwa bila aibu, na habari za mtoto fulani kuzagaa. La kwanza linampa mtoto nafasi ya kupumua. La pili linamfunga mdomo, na likishamfunga, hotuba zote za mstarini zinakuwa kelele.

Tuanze na mada yenyewe, maana nayo imejaa mkanganyiko. Ukitaja afya ya akili kwenye baraza la Ujiji, mawazo ya wengi yatakimbilia Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma iliyoanza mwaka 1927, ambayo jina lake watu wamelifanya tusi. Kwa hiyo mzazi akiambiwa kwamba mwanawe ana tatizo la afya ya akili, anachosikia ni kwamba mwanawe kichaa. Atakataa. Nani asingekataa?

Lakini kusikia sauti zisizokuwapo au kupoteza mawasiliano na hali halisi ni sehemu ndogo tu ya mambo haya. Vijana wengi wanaohitaji msaada wana sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, au wasiwasi uliopita kiasi. Wanakwenda shule, wanachota maji, wanacheka na wenzao kijiweni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya kila vijana saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19, mmoja ana tatizo la afya ya akili. Hiyo ni hesabu ya dunia, si ya Kigoma, ila ukiipeleka kwenye darasa la wanafunzi 70 inakupa watoto kumi. Na huenda mwalimu anawajua kwa majina mengine: mvivu, jeuri, mtoro, yule anayeumwa tumbo kila siku ya hesabu.

Hapo kwenye tumbo pana jambo. Mtu mzima mwenye sonona mara nyingi huonekana mnyonge, na sisi tunautambua unyonge. Kijana anaweza kuonekana mkali tu. Anajibu vibaya, anabamiza mlango, anagombana na mdogo wake kwa sababu ya ndala. Au mwili ndio unaosema: kichwa, tumbo, kifua kubana, viganja kutoa jasho, na vipimo vya zahanati havionyeshi kitu. Hadanganyi. Wasiwasi unauma kweli mwilini, na mtoto ambaye hana maneno ya kueleza hofu yake atataja pale panapouma.

Utajuaje basi kwamba hizi si hasira za umri? Wataalamu hutazama muda, na hutazama maisha ya kila siku yamebadilika kiasi gani. Kununa siku tatu baada ya matokeo mabaya au baada ya kuachwa na mpenzi ni ujana. Lakini huzuni au ukali unaokaa karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, ukaondoa usingizi na hamu ya kula, ukamfanya aliyependa mpira asiuguse tena, huo unahitaji kuangaliwa. Mtu mmoja anaweza kukonda, mwingine akala kupita kawaida. Mmoja halali, mwingine haamki. Cha kuangalia ni kama amekuwa tofauti na alivyokuwa yeye mwenyewe, wala si kama anafanana na mtoto wa jirani.

Usingizi nao nauongelea kwa sababu shule zetu za bweni zimeugeuza kuwa dhambi. Wakati wa balehe saa ya mwili husogea mbele, kijana akachelewa kusikia usingizi na akapata shida kuamka alfajiri, ilhali bado anahitaji saa nane hadi kumi za kulala. Tunamkeshesha kwenye prepo, tunamwamsha saa kumi na moja afanye usafi, halafu tunamwadhibu kwa kusinzia na kununa. Ongeza kwamba sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayopima matokeo na kuzuia papara, huendelea kukomaa hadi katikati ya miaka ya ishirini, wakati hisia zimeshapamba moto tangu akiwa na miaka kumi na kitu. Simtetei kijana mkorofi. Nasema tu kwamba ukali wake una mwili ndani yake.

Kuna tahadhari moja ambayo mikoa yetu ya magharibi haiwezi kuiruka. Kigoma na Tabora ni mikoa yenye malaria nyingi. Mtoto anayeanza ghafla kuweweseka, kutotambua watu au kuongea yasiyoeleweka, hasa akiwa na homa, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Watu husema malaria imempanda kichwani, na mara nyingine ndivyo ilivyo kweli: malaria kali inayoathiri ubongo, inayoua haraka ikicheleweshwa. Kifafa pia huchukuliwa kuwa pepo au wazimu, kumbe ni ugonjwa wa ubongo wenye dawa zinazojulikana, na wagonjwa wengi huishi nao vizuri. Mazungumzo ni dawa ya mambo mengi, lakini hayo mawili si miongoni mwake.

Halafu kuna mapepo yenyewe. Kila baada ya muda tunasikia shule fulani ya wasichana imesimamisha masomo kwa sababu wanafunzi wanapiga kelele, wanaanguka, wanazimia mmoja baada ya mwingine. Watu wa nchi hii wanaodhani kwamba kila mzee wa Kigoma ana tunguri uvunguni hufurahi sana yakitokea kwetu. Wangekumbuka Kashasha. Tarehe 30 Januari 1962, kwenye shule ya bweni ya wasichana karibu na Bukoba, wasichana watatu walianza kucheka wakashindwa kuacha. Kicheko kilichochanganyika na kilio kiliwaingia wengine hadi 95 kati ya wanafunzi 159, shule ikafungwa mwezi Machi, na wasichana walioondoka wakakibeba hadi vijijini kwao. Madaktari waliochunguza hawakukuta sumu wala vijidudu. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba hofu na shinikizo visivyo na pa kutokea hupitia mwilini, na katika kundi linaloishi pamoja, lenye sheria kali na nafasi ndogo ya kulalamika, mwili wa mmoja hufungulia miili ya wengine. Nchi ilikuwa imepata uhuru wiki saba tu kabla yake. Wasichana wale hawakuwa wakiigiza. Anayewachapa viboko waliozimia kwa sababu wanajifanya anaongeza kile kile kilichowazimisha.

Je, familia inayoamini ni pepo iambiwe nini? Nimeona wahudumu wakianza kwa kubishana na imani hiyo, na mazungumzo yakaishia mlangoni. Mama aliyebeba hirizi ya mwanawe amekuja kwa sababu anampenda. Hakuna haja ya kumwondoa kwa shehe wake, kwa mchungaji wake, wala hata kwa mganga wake, ili mtoto apate kuonwa na daktari. Aende kote. Mpaka uwekwe kwenye madhara: kumfunga kamba au minyororo, kumpiga ili pepo atoke, kumnyima chakula siku nyingi, kumnywesha vitu visivyojulikana, kumwachisha dawa za hospitali. Hayo yakatazwe waziwazi, na viongozi wa dini wakiyakataza wao yanasikika zaidi kuliko tukiyakataza sisi.

Sasa nirudi kwa anayesikia, maana hapo ndipo penye kazi.

Kijana hasemi, "Nina sonona." Anasema nimechoka tu, kichwa kimejaa, nimevurugwa, niacheni. Saa saba usiku anaweka maneno ya huzuni kwenye status ya WhatsApp, na asubuhi shangazi mmoja ameyapiga picha na kuyatupa kwenye grupu la ukoo akiuliza, "Huyu mtoto ana nini?" Swali zuri, lakini limepelekwa kwa watu thelathini badala ya kupelekwa kwa mmoja. Nyumbani anakutana na hesabu ya zamani: sisi tulitembea peku hadi shule, tulilala na njaa, wewe unakosa nini? Mzazi anadhani anamtia moyo. Mtoto anasikia kwamba maumivu yake hayajafikia kiwango. Dua nayo ina nafasi yake, ila kuna "muombe Mungu" inayosemwa ili maneno yaendelee, na kuna inayosemwa ili yaishe. Watoto wanazitofautisha vizuri sana.

Mahali pa kuzungumzia ni muhimu kuliko tunavyofikiri. Kumwita kijana sebuleni, baba upande huu na mama upande ule, ni kumfungulia kesi. Vijana wengi, wavulana hasa, huongea mikono ikiwa na kazi na macho yakitazama kwingine. Kule Kibirizi, kijana wa miaka kumi na sita anayeanika dagaa na mama yake mdogo anaweza kusema pale asichokisema nyumbani mwaka mzima.

"Siku hizi unaamka umechoka," mama mdogo anasema. "Na ugali unauacha."

"Nimechoka tu, ma'mdogo."

"Mwili au moyo?"

"Sijui."

"Basi tuanzie hapo kwenye sijui. Sina haraka, na sipeleki kwa baba yako."

Tazama alichokifanya. Ametaja alichokiona kwa macho yake, hakumpachika jina la ugonjwa. Hakuuliza kwa nini, swali ambalo kijana hulisikia kama lawama. Amekubali jibu dogo. Na ametoa ahadi kuhusu siri kabla ya kuombwa.

Ahadi hiyo lakini ina mipaka, na mipaka isemwe mwanzoni, si baada ya mtoto kumwaga yote. Maneno ya kawaida yanatosha: utakayoniambia yanabaki kwangu, isipokuwa nikiona uhai wako uko hatarini, au kuna mtu anakudhuru, au wewe unataka kumdhuru mtu, hapo nitalazimika kumwambia mtu wa kusaidia, lakini nitakwambia kwanza ni nani na nitamweleza nini. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inamtaka mwanajamii anayejua kwamba mtoto anadhulumiwa atoe taarifa, hivyo mwalimu anayeahidi kwamba hatasema chochote kwa yeyote ameahidi asichoweza kutimiza. Mtoto aliyeambiwa mipaka mapema anaweza kukasirika ukiivuka. Aliyedanganywa haamini tena mtu mzima.

Tulikuwa na njia ya mazungumzo haya kabla ya neno unasihi kuingia shuleni. Bibi na babu wana utani na wajukuu wao, na ndani ya utani huo mtoto anaweza kusema neno zito likapita kama mzaha, bibi akalishika na kuliweka. Zimbabwe wameigeuza hekima ya aina hii kuwa huduma. Daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza Harare mwaka 2006 kuwafundisha bibi wa mitaani kukaa kwenye benchi nje ya kliniki, kusikiliza, kisha kumsaidia mtu achague tatizo moja la kuanza nalo na hatua ya kulikabili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba watu wazima waliokaa na bibi hao walikuwa na dalili chache zaidi za sonona na wasiwasi baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida. Bibi wale walifundishwa, na walisimamiwa. Umri peke yake hautoshi. Tunao bibi wanaopenda kusikiliza, na tunao wanaopenda kusimulia walichosikiliza.

Kuchagua tatizo moja kuna maana kubwa kwa mkoa kama wetu, kwa sababu mengi yanayomkandamiza kijana hayako kichwani mwake. Mwezi ukiwa mpevu uvuvi wa dagaa husimama, na nyumba inayotegemea ziwa inahesabu siku. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 mwaka 2024 ili samaki wazaliane, ni nyumba ngapi zilikaa na watoto zikawaeleza watakula nini na michango ya shule itatoka wapi? Mtoto asiyeelezwa hujaza mwenyewe, na mara nyingi hujaza kwa hofu kuliko hali ilivyo. Kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, iliyopo tangu 1996, kuna vijana waliozaliwa na kukulia humo humo wasijue watakuwa wapi kesho. Kuwasaidia kwa kuwauliza habari za vita peke yake ni kuwaacha na nusu ya mzigo.

Limebaki lile linalotutisha zaidi. Shirika la Afya Duniani linakitaja kifo cha kujiua kuwa sababu ya tatu ya vifo vya vijana wa miaka 15 hadi 29 duniani. Wazazi na walimu wengi huogopa kuuliza, wakidhani swali litapanda wazo ambalo halikuwapo. Tafiti hazionyeshi hivyo. Kuulizwa moja kwa moja, kwa utulivu, "Umewahi kufikiria kujiua?" hakuongezi hatari, na kwa wengi ni nafuu kupata hatimaye mtu wa kubeba naye neno hilo. Akijibu ndiyo, asiachwe peke yake, na afikishwe kwa mhudumu wa afya siku hiyo hiyo. Dawa za shamba, zilizojaa kwenye nyumba za wakulima wa tumbaku wa Urambo na Kaliua kama zilivyo kwenye nyumba za wakulima wetu, zifungiwe mbali naye, na dawa za hospitali vivyo hivyo. Si jambo dogo. Wimbi la kutaka kufa mara nyingi hupanda na kushuka ndani ya muda mfupi, na mtu aliyekosa njia karibu naye katika muda huo anaweza kuishi miaka mingi baadaye.

Kinachoharibu uwazi hapa ni sheria. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinafanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Familia inayokimbiza mtoto hospitali inajua hilo, hivyo inasema amekunywa sumu kimakosa. Daktari anatibu tumbo, hamuulizi moyo, na mtoto anarudi kwenye chumba kile kile. Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu chao cha aina hii kinakwenda kinyume na katiba. Maoni yangu ni kwamba cha kwetu nacho kimeshapitwa na wakati. Hakuna kijana aliyewahi kupona kwa kuogopa polisi.

Msaada unaanzia karibu: zahanati au kituo cha afya, kisha rufaa, ambayo kwa Kigoma ni Hospitali ya Maweni na kwa Tabora ni Kitete. Mwenye hofu ya kwenda anaweza kwanza kupiga 116, simu ya bure ya kusaidia watoto. Hospitalini kazi kubwa siku ya kwanza ni maswali, na kijana ana haki ya kuomba sehemu ya maswali hayo aulizwe mzazi akiwa nje. Kwa wengi wenye hali ya wastani tiba ni mazungumzo yenye mpangilio, wiki baada ya wiki. Dawa zikihitajika, za sonona huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi yake, na haziachwi ghafla kwa sababu mtu amejisikia nafuu.

Kisha mtoto anarudi shuleni, na hapo ndipo wengi huangushwa mara ya pili. Darasa litauliza alikuwa wapi. Mwalimu asitunge safari ya kwenda kwa mjomba Uvinza, wala asitoe mhadhara wa sonona huku mtoto ameketi dawati la tatu. Amuulize mwenyewe kabla hajaingia darasani: ungependa wenzako waambiwe nini? Wengine watataka isemwe tu kwamba aliumwa, ametibiwa, amerudi. Wengine watataka kusema wenyewe. Na atakayetaka isisemwe lolote, apewe madaftari ya masomo aliyoyakosa na aachwe akae.